Ukitaka Kuwa Mpimaji wa Bahari

Katikati ya mwaka 2016, kipande kikubwa cha bawa la ndege kiliokotwa katika kisiwa cha Pemba. Miezi michache baadaye wachunguzi wa Australia walithibitisha kuwa kilitoka kwenye ndege ya Malaysia, MH370, iliyopotea Machi 2014 ikiwa na watu 239. Kule kusini mwa Bahari ya Hindi, ambako ndege ilidhaniwa kuzama, watafutaji walikuwa wamekutana na kikwazo ambacho wengi wetu tusingekifikiria: hapakuwa na ramani ya sakafu ya bahari ya kuaminika. Ilibidi meli zianze kwa kupima kina, milima na makorongo ya chini, ndipo vyombo vya kutafutia vishushwe bila hofu ya kugonga mwamba.

Upimaji huo ndio hidrografia, na mwongozo huu ni wa wewe unayetaka kuufanya kuwa kazi yako. Nafasi ya kufanya kazi ni kubwa mno. Mradi wa kimataifa wa Seabed 2030, uliotangazwa mwaka 2017, ulianza wakati ni asilimia 6 hivi tu ya sakafu ya bahari zote duniani iliyokuwa imepimwa kwa vyombo vya kisasa. Kufikia Juni 2025 ilikuwa imefika asilimia 27.3. Sehemu iliyobaki tunaijua kwa makisio ya setelaiti, ambayo huonyesha mlima mkubwa ulipo lakini hayakuambii kama meli itapita juu yake salama.

Usidhani kazi hii ni ya kilindini peke yake. Bandari ndiyo mwajiri wa kwanza wa kumfikiria. Mlango wa Dar es Salaam, wa Kilindini huko Mombasa, Tanga, Lamu, kila mmoja lazima upimwe tena na tena, kwa sababu mchanga na tope havitulii, na kila kazi ya kuchimba njia ya meli hupimwa kabla na baada ili mkandarasi alipwe kwa ujazo alioutoa kweli. Kampuni za gesi zinahitaji wapimaji wa njia za mabomba. Kampuni za nyaya za mawasiliano zinawahitaji vilevile: Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania na nchi jirani, na wengi wakajua siku hiyo kwamba mawasiliano yetu yanapita chini ya bahari. Njia ya waya kama huo hupimwa kabla ya kulazwa, ili usining'inie juu ya korongo wala kusagwa na miamba.

Kisha kuna mipaka. Sheria ya Bahari ya Umoja wa Mataifa, kifungu cha 76, inairuhusu nchi ya pwani kudai sakafu ya bahari kupita maili 200 za baharini iwapo itathibitisha umbo la mteremko wa bara lake kwa vipimo. Kenya iliwasilisha dai lake mwaka 2009, Tanzania mwaka 2012. Madai hayo yamejaa namba za kina na unene wa mashapo, na nchi isiyo na watu wa kuzisoma namba hizo italazimika kuwategemea wageni kwenye shauri la ardhi yake yenyewe.

Unayesoma haya ukiwa Kigoma, Bujumbura au Kalemie, usijione umeachwa nje. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na vyombo, hesabu na viwango vinavyotumika ziwani ni vilevile vya baharini. Kitu kimoja tu kinakuwa chepesi kwako, nacho ni maji kujaa na kupwa.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, kwa sababu ni heri ujue mapema kama utaipenda. Tuseme uko kwenye boti ya upimaji mlangoni mwa bandari. Chombo kilichofungwa chini ya boti kinatoa mlio, mlio unagonga sakafu na kurudi. Ukienda na kurudi kwa sekunde 0.02, na mashine umeiambia kuwa sauti husafiri mita 1,500 kwa sekunde ndani ya maji, itakupa kina cha mita 15. Lakini maji ya pwani yetu ni ya joto na yana chumvi. Yakiwa na nyuzijoto 28, sauti hukimbia karibu mita 1,540 kwa sekunde. Rudia hesabu: unapata mita 15.4. Sentimita 40 zimebadilika na sakafu haijasogea hata kidogo.

Hapo kosa lilikuwa upande wa usalama, maana ulidhani maji ni mafupi kuliko yalivyo. Nenda basi kwenye mlango wa mto wakati wa masika, maji matamu yamejaa, ukiwa bado na ile 1,540 ya jana. Katika maji matamu ya joto lile lile sauti huenda mita 1,504 hivi kwa sekunde. Mita 15 za kweli zitasomeka zaidi ya 15.3. Meli inayopita na nafasi ndogo chini ya tumbo lake imepewa maji ambayo hayapo. Ndiyo maana mpimaji makini hushusha chombo cha kupima kasi ya sauti toka juu hadi chini mara kadhaa kwa siku, hata kama mkuu wa kazi analalamika kuwa muda unapotea.

Halafu kuna bamvua. Kwenye pwani ya Kenya na Tanzania, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua hupita mita tatu. Kina ulichokipata saa nne asubuhi hakina maana mpaka ukipunguzie kimo cha maji cha dakika ile ile, ukifikishe kwenye kiwango cha chati, yaani kile ambacho maji ni nadra kushuka chini yake. Kwa hiyo kuna mtu lazima awe amesimika kipimo cha maji gatini, akakiunganisha na alama za wapima ardhi, na akahakikisha saa yake inakwenda sawa na saa ya botini. Kazi hii haina mvuto wa picha. Nionavyo mimi ndiyo moyo wa hidrografia, na mtu asiyeijali kamwe asikabidhiwe mlango wa bandari.

Mambo hayo yanahusu mwale mmoja wa sauti. Sona za leo hupima kwa mamia ya miale kwa pamoja, iliyotandazwa kama feni chini ya meli, na boti inapoyumba, feni nayo inayumba. Hivyo chombo kingine hupima kuinama, kulala na kupanda kwa boti mara nyingi kwa sekunde. Kabla ya kazi kuanza, utapita mstari ule ule kwenda na kurudi, juu ya sakafu tambarare na juu ya mteremko, ili ugundue vifaa vimefungwa vimepinda kwa kiasi gani. Kama picha mbili za mteremko mmoja hazilali moja juu ya nyingine, unatafuta kosa mpaka ulipate. Ukiona uvumilivu wa aina hii unakuchosha kwa kuusoma tu, kuna kazi nyingine nzuri za baharini.

Ikiwa bado uko shuleni, shika hisabati, fizikia na jiografia. Shahada inayokufaa zaidi ni ya upimaji ardhi, iwe Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Nairobi au Jomo Kenyatta, lakini watu wameingia pia kwa njia ya jiolojia, sayansi ya bahari, uhandisi na unahodha. Aliyetoka kwenye upimaji ardhi ana faida ya kuelewa makosa ya vipimo na viwango vya kimo. Aliyetoka kwenye bahari ana faida ya kutotapika. Kila mmoja ana la kujifunza kwa mwenzake.

Usingoje kupata ufadhili ndipo uguse data. Gridi ya dunia nzima ya GEBCO, mradi wa kimataifa wa kuchora kina cha bahari, hupakuliwa bure; ifungue kwenye QGIS, ambayo nayo ni bure, kisha ukate eneo la Mlango wa Pemba au Mafia, uchore mistari ya kina, utengeneze mkato kutoka ufukweni hadi kilindini. GMT na MB-System, programu wanazotumia watafiti wakubwa, hazilipiwi pia. Jifunze Python kiasi cha kuweza kusafisha faili la namba. Ukifika kwenye mahojiano na ramani uliyoitengeneza mwenyewe, hata yenye kasoro, umeshatofautiana na mtu aliyeandika kwamba anaipenda bahari.

Fanya na jambo moja zaidi: tafuta chati ya pwani unakoishi. Nyingi za chati rasmi za pwani yetu hutolewa na Ofisi ya Hidrografia ya Uingereza, iliyoko Taunton. Kwenye chati za karatasi kuna mchoro mdogo unaoonyesha kila sehemu ilipimwa lini na kwa njia gani. Kwenye chati za kielektroniki kuna madaraja ya uhakika, kuanzia A1 hadi D, na U kwa lisilotathminiwa. Pwani hii ilipimwa kwa bildi, yaani uzito uliofungwa kwenye kamba, na Kapteni William Owen na mabaharia wake miaka ya 1820, wengi wao wakifa kwa homa, na wapimaji wa baadaye wakaendelea. Nahodha akitupa bildi alipata nukta moja. Kati ya nukta na nukta palibaki kukisia. Ukijua ni wapi karibu na kwenu bado panategemea vipimo vya zamani, tayari unayo sababu ya kweli ya kuandika kwenye barua ya maombi.

Kuhusu vyeti, kuna jambo moja ambalo usipolijua utapoteza fedha. Shirika la Kimataifa la Hidrografia, IHO, lenye makao yake Monaco tangu 1921, pamoja na mashirika ya kimataifa ya wapima ardhi na wachora ramani, lina bodi inayokagua kozi duniani kote na kuzitambua kwa makundi mawili. Kundi A ni la msingi mpana wa nadharia, kwa anayekuja kupanga na kusimamia kazi. Kundi B ni la vitendo, fupi zaidi, kwa anayekwenda kupima. Wachora chati wana makundi yao mawili pia. Waajiri wa kimataifa na ofisi za serikali huuliza kwanza una kundi gani. Orodha ya kozi zinazotambuliwa iko wazi kwenye tovuti ya IHO, na kabla ya kulipa hata senti, itafute kozi yako humo na uangalie utambuzi wake unaisha lini. Cheti kizuri cha rangi kutoka chuo kisicho kwenye orodha kinaweza kukufundisha mengi, lakini hakitakufungulia mlango huo.

Ushauri wangu kwa walio wengi ni kuanza na B, ufanye kazi miaka michache, kisha uende A. Mtu aliyekwisha kuona sona ikikataa kufanya kazi saa nane za usiku huielewa nadharia vizuri zaidi.

Nafasi za mafunzo zenye ufadhili zipo. Ile ninayoipenda kuliko zote iko Chuo Kikuu cha New Hampshire, Marekani, ambako Nippon Foundation ya Japani na GEBCO wamekuwa wakifundisha tangu 2004. Ni miezi 12, watu sita hivi kwa mwaka kutoka nchi mbalimbali, gharama zimelipwa, na mwisho unapata cheti cha uzamili cha bathimetria, yaani upimaji wa kina cha bahari. Ndani yake kuna kazi za baharini na ziara kwenye maabara za nchi nyingine. Wahitimu wake waliungana wakashindania tuzo ya Shell Ocean Discovery XPRIZE, ya kuchora sakafu ya bahari kwa saa 24 bila mtu kuwa melini, wakitumia boti isiyo na nahodha pamoja na chombo kinachojiendesha chini ya maji. Mwaka 2019 walishinda zawadi ya kwanza, dola milioni 4. Nalitaja hili kwa sababu mtandao wa wahitimu una thamani sawa na masomo yenyewe: ukikwama na faili lisilosomeka, kuna mtu wa Bangladesh au Peru wa kumwandikia usiku huo huo.

Japani ina kozi nyingine, inayoendeshwa kupitia JICA, shirika la ushirikiano wa kimataifa la nchi hiyo, na Walinzi wa Pwani wa Japani tangu 1971. Hii ni ya Kundi B, na ni kwa watumishi wa serikali. Maombi hupitia wizarani, hivyo ukisubiri kuona tangazo mtandaoni utachelewa. Uliza idara ya mafunzo ya ofisi yako mapema, na umuulize mtu anayeshughulikia barua za JICA moja kwa moja. India nayo ina Taasisi ya Kitaifa ya Hidrografia huko Goa, yenye kozi za A na B, na mpango wa serikali yake wa mafunzo, ITEC, hulipia wageni. Meli za upimaji za Jeshi la Wanamaji la India zimefanya kazi katika maji ya Kenya na Tanzania, kwa hiyo uhusiano upo tayari, hasa kwa maofisa wa jeshi na bandari. Kwa wanaopenda kuchora chati kuliko kukaa botini, IHO na Nippon Foundation wamekuwa wakifadhili mafunzo ya Kundi B la uchoraji huko Taunton.

Kama unajilipia au unatafuta udhamini wa kawaida, angalia vyuo vikuu vya Plymouth nchini Uingereza na HafenCity huko Hamburg, Ujerumani. Vyuo vya umma vya Hamburg havitozi ada ya masomo; unalipa mchango wa muhula na gharama za kuishi, ambazo si ndogo. Anayejua Kifaransa, na wasomaji wa Congo na Burundi wengi wanakijua, aitazame Brest, mji wenye kampasi ya chuo cha uhandisi cha ENSTA na ofisi ya hidrografia ya Ufaransa.

Usidharau mafunzo mafupi. Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao Kingston, Jamaika, huyabana makampuni na mashirika yenye mikataba ya utafutaji madini kutoa nafasi za mafunzo kwa watu wa nchi zinazoendelea, nyingine zikiwa ni za kusafiri na meli ya utafiti. Hata ukiwa na wasiwasi na uchimbaji wa kilindini, kama nilivyo mimi, nafasi ya kuona vifaa hivyo vikifanya kazi usiikatae; nchi zetu zinahitaji watu wanaoweza kubishana na kampuni hizo kwa namba. Karibu zaidi, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ina kituo Mombasa kinachotoa kozi za data za bahari chini ya UNESCO, na ina meli yake ya utafiti, RV Mtafiti.

Barua ya maombi ndiyo inayowaangusha wengi wenye uwezo. Wafadhili wa fani hii wanajenga ofisi za nchi. Wanataka kujua ukirudi utakaa kwenye meza gani, utatumia boti ipi, na nani amekubali kwa maandishi kukupokea. Usiandike kurasa mbili kuhusu utoto wako ufukweni. Andika hivi: bandari yetu ina tatizo hili, vipimo vya mwisho ni vya mwaka fulani, tuna sona ya mwale mmoja na hatuna anayejua kuchakata ya miale mingi, mimi nitakuwa huyo mtu. Ambatisha barua ya mkuu wako inayosema vivyo hivyo. Ikiwa huna mwajiri, nenda ukajitolee bandarini, kwenye taasisi ya utafiti au kwa mpimaji binafsi, hata kwa kushika kamba ya kipimo cha maji, mpaka upate mtu wa kukuandikia barua ya kweli. Mtihani wa Kiingereza ufanye mapema, na pasipoti iwe na miaka ya kutosha.

Mwili nao una masharti. Utahitaji cheti cha afya cha baharia na kozi ya msingi ya usalama baharini, inayopatikana Chuo cha Bahari Dar es Salaam na Bandari Maritime Academy ya Mombasa. Jifunze kuogelea. Kwenye meli zamu ni za saa 12, mchana wengine, usiku wengine, kwa wiki kadhaa mfululizo. Mlio wa sona unakesha nawe kitandani. Kichefuchefu huwakuta hata mabaharia, na kwa wengi hupungua baada ya siku chache. Ongea na familia kabla, si baada ya kusaini.

Kwa dada zangu: mtaambiwa hii ni kazi ya wanaume. Marie Tharp alichora bonde la katikati ya Atlantiki miaka ya 1950 akiwa mezani nchi kavu, kwa kuwa meli za utafiti hazikuwachukua wanawake, na mchoro wake ulisaidia kubadili jinsi dunia inavyoyaelewa mabara. Leo meli zinawachukua. Tangu 2021 IHO ina mradi maalumu wa kuwaingiza wanawake katika hidrografia, wenye nafasi za melini na za ofisini. Kabla ya kupanda, uliza waziwazi kuhusu vyumba vya kulala, vyoo, na nani wa kupelekewa malalamiko. Meli yenye utaratibu itakuwa na majibu tayari, na isiyo nayo ni heri uijue ukiwa bado gatini.

Mwisho ni mkataba na mwajiri anayekuruhusu kwenda. Wengi hukufunga kwa miaka kadhaa ya utumishi baada ya masomo, na hiyo ni haki yao. Wewe nawe omba iandikwe kwamba ukirudi utapangiwa kitengo cha upimaji, kwamba leseni ya programu ya kuchakata itakuwa imelipiwa, na kwamba siku za boti zimetengewa mafuta kwenye bajeti. Wapo wapimaji waliorudi na vyeti vya Kundi A wakapelekwa kuhesabu makontena. Kama mkuu wako hawezi kusaini hayo yote, msihi asaini angalau la kitengo, na nakala ubaki nayo.